Nimemtuhumu mwenzangu mbele ya watu 43, nimrudishieje heshima yake?

Shikamooni wakubwa. Kikoba chetu kiko Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita niliandika kwenye grupu: "Laki na themanini zimeliwa, na mlaji tunamjua." Kila mtu alijua namsema dada mweka hazina. Juzi nimeshika daftari mwenyewe, nikakuta kurasa mbili zimegandana kwa mafuta ya bajia. Kuzibandua, pesa hiyo hapo kwa mwandiko wake: mkopo wa msiba, na sahihi ya mwenyekiti. Dada wa watu haji tena vikaoni, na genge langu analikwepa. Nimfuate kimya kimya?

Mama Bajuni: Mwanangu, ulimvua nguo hadharani, utamvishaje chumbani? Anza nyumbani kwake, ndiyo, tena leo. Halafu andika mulemule kwenye grupu, utaje kiasi na ukurasa. "Samahani kama nimemkwaza mtu" usiiandike, hiyo ni kumtukana mara ya pili.

Mzee wa Chumbageni: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayesambaza uongo akijua ni uongo: faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Wewe hukujua. Sasa unajua, na ujumbe bado uko pale.

Muulizaji: Nimetoka kwake. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni. Picha ya ukurasa nimeiweka grupuni, na jina langu chini. Bado hajajibu.