Ninapunguza uzito huku marafiki zangu hawataki nipungue: naombeni ushauri

Mama Wawili:

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina umri wa miaka 37 na ninaishi Temeke. Mwezi wa Januari nilipimwa presha ikaonekana ni 148 kwa 94, na wakati huo nilikuwa na kilo 96 kwa kimo cha sentimita 162. Daktari alinitaka nipunguze uzito na chumvi kabla hajafikiria kunianzishia dawa. Leo nina kilo 89, na presha imeanza kushuka.

Kinachonirudisha nyuma si njaa, bali ni watu ninaowapenda. Kila Jumamosi tunakutana wanawake 12 kwenye kikoba chetu, na baada ya kuweka hisa hufuata pilau, chapati na soda. Nikiomba sahani ndogo naambiwa najidai. Mwingine huuliza kama nina matatizo na mume wangu. Jumamosi iliyopita, yule aliye karibu nami zaidi aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima afya. Sote tunajua swali hilo lina maana gani, kwa kuwa watu wa rika letu tulikua tukiona jinsi kukonda kulivyotangulia msiba, na kwa hiyo simlaumu. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nilikula chapati tatu nikiwa nimeshiba. Sasa ni wiki ya tatu mzani hausogei, na ninajiuliza nitapata wapi nguvu ya kuendelea ikiwa hakuna hata mmoja anayefurahi nikipungua. Tafadhali msiniambie niwaache, kwa maana mama yangu alipofariki ni wao waliolala matanga pamoja nami hadi siku ya mwisho.

Binti Tanga:

Pole sana dada. Mimi niliacha kutangaza, kwa sababu kila nilipotangaza nilifungua mjadala. Siku za shughuli ninakula kwanza nyumbani, maharage au samaki na mchicha, kisha nikifika ninawahi kujipakulia mwenyewe. Ukipakuliwa sahani iliyojaa, kuibakiza ni kumvunjia heshima aliyepika. Ukijipakulia kidogo, hakuna anayehesabu vijiko. Shika pia kikombe cha chai ya tangawizi isiyo na sukari, maana mtu mwenye kikombe mkononi halazimishwi soda.

Mzee wa Mazoezi:

Dada yetu wa Tanga amesema vizuri, lakini ninampinga katika jambo moja. Kunyamaza kunafaa kwa watu wa mbali, si kwa rafiki aliyekuita pembeni. Huyo aliogopa kukupoteza, na ukimficha ataendelea kuogopa na kukulisha. Mwambie namba zenyewe za presha, kama ulivyotuambia sisi. Pili, usimtafute mtu mmoja wa kukupa kila kitu: wenzako wa kikoba wabaki kuwa wa kikoba, na wa mazoezi uwapate kwingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Sisi tuna kikundi cha joging, na wengi wetu hatukufahamiana kabla.

Muuguzi Mstaafu:

Mwanangu, kilo 7 kati ya 96 ni zaidi ya asilimia 7, na hata upungufu wa asilimia 5 hadi 10 husaidia kushusha presha na sukari. Usiuone kuwa mdogo.

Kuhusu mzani, mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo kuliko mzito, hivyo sahani iliyokupunguza ulipokuwa na kilo 96 huenda sasa inakushikilia tu ulipo, na maji yanayojaa mwilini siku zinazokaribia hedhi huweza kuficha mafuta yaliyopungua. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na upime pia kiuno kwa futikamba ya fundi cherehani, kwa sababu mara nyingine kiuno hupungua mzani ukiwa umesimama. Kisha chunguza mafuta ya kupikia: kijiko kimoja kikubwa kina takriban kilokalori 120, nacho hakionekani sahanini. Zile chapati tatu usizilipe kwa kushinda njaa kesho yake, kwani kufanya hivyo ndiko kunakoleta chapati nyingine jioni. Zaidi ya yote, usiache kurudi kwa daktari wako.

Mama Wawili:

Asanteni kutoka moyoni. Nimempigia rafiki yangu na kumsomea namba zote, ya Januari na ya sasa. Hakusema mengi, aliniuliza tu kama kupima presha kwenye duka la dawa ni shilingi ngapi. Jumamosi nitawahi kujipakulia. Mzee wangu, kikundi chenu hukutania wapi, na je, mtu asiyeweza kukimbia anapokelewa?

Mzee wa Mazoezi:

Anapokelewa, mwanangu. Jumapili saa 12 asubuhi tunakutana upande wa Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite lenye urefu wa kilomita 1.03, kisha tunarudi. Wanaokimbia hutangulia, na wanaotembea hufuata pamoja. Wiki iliyopita walikuwa sita. Njoo na maji ya kunywa na viatu vya raba. Na kama rafiki yako atapenda, njoo naye.