Breki za msukumo za trela la boti: trela linagoma kurudi nyuma na gurudumu moja linachemka

Baharia_Houston aliuliza:

Habari zenu wadau. Nina trela la boti la ekseli mbili lenye breki za diski kwenye magurudumu yote manne, nililonunua likiwa limeshatumika. Pamoja na boti na mafuta, uzito wake ni takriban pauni 5,000, yaani kama kilo 2,270, nami hulivuta kutoka Houston hadi Galveston kwa barabara ya I-45 na kulishusha kwenye maji ya chumvi. Breki zake si za umeme, bali ni zile zinazofanya kazi kwa msukumo wa trela lenyewe.

Nikikanyaga breki kwa nguvu, nasikia kishindo cha chuma nyuma ya gari, kisha nahisi trela likinisukuma. Nikirudi nyuma kwenye njia ya kuingia nyumbani, ambayo imepanda kidogo, magurudumu ya trela yanajifunga na gari halisogei, ilhali kwenye mteremko wa kushushia boti linarudi bila shida yoyote. Zaidi ya hayo, gurudumu la nyuma la upande wa kushoto linakuwa la moto kiasi kwamba habu yake haishikiki, wakati mengine yana joto la kawaida. Je, hii ni hitilafu moja au ni kadhaa? Nianzie wapi?

Fundi_Trela alijibu:

Ndugu, kwa maelezo yako hizo ni hitilafu tatu tofauti, na zitaeleweka ukifahamu mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Kichwa cha trela kina vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine. Gari linapopunguza mwendo, trela bado linataka kwenda mbele, kwa hiyo kipande cha ndani kinaingia na kusukuma fimbo ya masta silinda (pampu ya mafuta ya breki), nayo inapeleka mafuta ya breki kwa shinikizo hadi kwenye kalipa, yaani vibanio vinavyoikamata diski. Pedali yako haina uhusiano wowote wa moja kwa moja na breki hizo.

Hapo ndipo penye jibu la kurudi nyuma. Unapolisukuma trela kupanda, kichwa kinabanwa vilevile kama unavyofunga breki, na mfumo hauwezi kutofautisha hali hizo mbili. Kwenye mteremko wa boti, uzito wa trela unavuta kuelekea majini, kichwa kinabaki kimenyooka, na breki hazishiki. Kwa trela la diski huwekwa solenoidi, yaani vali ya umeme, inayoziba njia ya mafuta pindi taa za rivasi za gari zinapowaka. Umeme wake hupita kwenye waya wa tano, ambao kwa kawaida ni wa buluu. Angalia plagi yako: ikiwa ni ya pini nne, basi solenoidi haipati umeme kabisa, na hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Ikiwa ni ya pini tano, washa swichi bila kuwasha injini, funga breki ya mkono, weka gia ya rivasi, kisha mwenzako asikilize karibu na kichwa cha trela. Ni lazima asikie mlio mfupi wa solenoidi. Asiposikia, pima umeme kwenye waya ule kabla ya kununua kifaa chochote.

Kuhusu kishindo, nashuku kuna upepo kwenye mafuta, au mafuta yamepungua, kiasi kwamba kichwa kinaingia hadi mwisho bila kukutana na upinzani wa kutosha. Kikiingia zaidi ya sentimita 2.5 hivi, mfumo unahitaji kutolewa upepo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Tumia mafuta ya DOT 3 kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu hewani. Kagua pia shokomzoba ndogo iliyomo ndani ya kichwa, kwani ikichoka, chuma kitagonga chuma hata kama mafuta ni mazuri.

Mama_Nahodha alijibu:

Naongezea kuhusu gurudumu la moto, maana hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine. Linaweza kuua beringi ukiwa katikati ya barabara kuu. Inua gurudumu hilo kwa jeki likiwa bado limekaza, kisha legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, shinikizo lilikuwa limenaswa, na kwa kuwa ni gurudumu moja tu, mtuhumiwa mkuu ni mpira wa breki, yaani bomba la mpira la mafuta linaloingia hapo. Mpira huo huvimba kwa ndani ukapitisha mafuta yanapokwenda lakini ukayazuia yasirudi, huku kwa nje ukionekana mzima. Gurudumu likibaki limekaza hata baada ya kulegeza nati, basi kalipa yenyewe imekwama, au pini zake za kutelezea zimeshikwa na kutu ya chumvi.

Magurudumu yote manne yangekuwa ya moto ningekuambia utazame kwenye kichwa cha trela. Kebo ya dharura, ile inayofunga breki trela likichomoka kwenye gari, ikivutwa kidogo tu, kwa mfano kwenye kona kali, huacha wenzo wake umeshika jino moja na breki zikabaki zimefungwa. Vilevile, trela lililobadilishwa kutoka ngoma kwenda diski linaweza kuwa limeachiwa masta silinda ya ngoma, yenye vali inayobakiza shinikizo dogo kwenye bomba. Diski hazitakiwi kuwa na vali hiyo.

Mkilifi alijibu:

Huku Kilifi matrela mengi niliyoyashughulikia yametoka Uingereza, na ningependa wasomaji wengine wasichanganye maelekezo. Wazo ni lilelile la msukumo, lakini hayo hutumia fimbo na kebo za chuma badala ya mafuta, na ngoma zake zimeundwa ili viatu vya breki vijiachie gurudumu likizunguka kinyume. Hayana solenoidi. Yakigoma kurudi nyuma, kagua marekebisho ya viatu ndani ya ngoma kwanza, ndipo uguse kebo.

Baharia_Houston alijibu:

Nawashukuru sana. Plagi yangu ni ya pini tano, lakini adapta niliyoiunganisha kwenye gari ina pini nne tu, kwa hiyo waya wa buluu ulikuwa hauna kazi. Kwenye gurudumu, nati ilipolegezwa mafuta ya rangi ya kahawia yaliruka na gurudumu likazunguka. Je, nibadilishe mpira huo mmoja, au yote?

Mama_Nahodha alijibu:

Badilisha yote, kaka, kwa kuwa yamezeeka pamoja, na rangi hiyo inaonyesha kwamba mafuta nayo yanapaswa kutolewa yote. Ukifika Galveston, acha habu zipoe kabla ya kuzitumbukiza, kwa sababu habu ya moto ikipoa ghafla hufyonza maji ya chumvi hadi kwenye beringi. Ukirudi nyumbani, mwagia kalipa na diski maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.