Siagi kikombe kimoja ni gramu ngapi?

*Rukia, 10:12*
Assalaam alaykum. Nyie, biskuti zangu za maulidi ya kesho zimeyeyuka, zimegandana trei nzima kama chapati moja. Pembeni zimeungua, katikati mafuta yanachuruzika.

*Khalti (Wete), 10:15*
Waalaykum salaam mwanangu. Pole. Siagi umetia kiasi gani?

*Rukia, 10:16*
Maelezo ya Marekani, wamesema kikombe kimoja. Nimechukua kile kikombe kikubwa cha chai, cha buluu, nikaishindilia mpaka juu. Unga ndio nimeupima kwa mizani, gramu 270.

*Khalti (Wete), 10:17*
Kijaze maji kikombe hicho, uyamimine kwenye jagi la kupimia. Yamefika wapi?

*Rukia, 10:21*
Mililita 330!

*Khalti (Wete), 10:24*
Haya. Kikombe chao ni mililita 237 tu. Siagi nyepesi kidogo kuliko maji, basi kikombe hicho kinachukua gramu 227. Weye umetia zaidi ya 310, na unga haukuongeza hata chembe. Zingesimamaje?

*Ami, 10:26*
Kwani kikombe si gramu 250? Pakti ya dukani ndiyo hiyo.

*Khalti (Wete), 10:29*
Hapana shemeji. Kikombe ni ujazo, mizani ni uzito. Kikombe hicho hicho ukitia unga wa ngano unapata gramu 120 hivi, sukari 200, siagi 227. Kila kitu na uzito wake.
Rukia, pakti ya 250 ukatoa kijiko kimoja na nusu cha kupimia, kile cha mililita 15, inayobaki ndiyo kikombe chao. Na wakiandika "kijiti" kimoja cha siagi, ni gramu 113, nusu kikombe. Kwao inauzwa hivyo, na karatasi yake ina mistari ya vijiko 8.

*Mama, 10:31*
Na asiyekuwa na mizani?

*Khalti (Wete), 10:35*
Tia maji ya baridi kwenye jagi mpaka nusu kikombe. Tumbukiza vipande vya siagi mpaka maji yafike kikombe kizima. Siagi inaelea, kwa hiyo izamishe kwa ncha ya kijiko ndipo usome. Umepata nusu kikombe. Mwaga maji, ifute kwa kitambaa. Mie nimepima hivyo miaka, kabla sijanunua mizani.

*Rukia, 10:37*
Nikitia samli badala ya siagi? Ninayo ya Pemba hapa.

*Khalti (Wete), 10:40*
Usitie sawa kwa sawa. Siagi mafuta yake ni kama asilimia 80, kilichobaki zaidi ni maji. Samli haina maji. Pahala pa gramu 227 tia 180 hivi, unga ukiwa mkavu ongeza maziwa vijiko viwili.

*Mama, 10:48*
Bibi yupo hapa anasikiliza, anasema: "Vileja mie samli napima kwa gilasi. Unga wa mchele natia kidogo kidogo, mpaka nikiufumbata unashikana, nikifumbua kiganja haumomonyoki."

*Rukia, 10:50*
Gilasi ipi, Mama? Ile ya maua mekundu?

*Mama, 10:51*
Hiyo hiyo.

*Rukia, 10:52*
Mwambieni asianze. Nnakuja na mizani sasa hivi, nataka kuipima gilasi ile ikiwa na samli ndani.