Antena wima ya redio ya ridhaa kwa bendi ya mita 40, juu ya mchanga: je, nyaya nne za ardhini zinatosha?

Muulizaji (Tanga): Salaam, wakuu. Nimesimamisha antena wima ya robo wimbi (urefu wake ni robo ya wimbi la redio), bomba la alumini lenye urefu wa takriban mita 10, kwenye kiwanja kidogo chenye mchanga mkavu wa matumbawe. Nimetandaza ardhini kuizunguka nyaya nne za mita 10 kila moja, na SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo; 1 ni ulinganifu kamili) ni 1.2, lakini vituo vya mbali ninavyovisikia vizuri mara nyingi havinijibu. Fundi mmoja amenishauri nichimbie fimbo ya shaba badala ya kuongeza nyaya. Naomba ushauri wenu kabla sijaingia gharama.

Mchangiaji wa 1: Ndugu, SWR hiyo isikutulize. Antena ya robo wimbi yenye ardhi nzuri kabisa huwa na ukinzani wa omu 36 hivi, kwa hiyo kwenye kebo ya omu 50 SWR ingekaribia 1.4. Analaiza yako (kifaa cha kupima antena) inasoma omu ngapi?

Muulizaji: Omu 60, kwenye megahezi 7.1.

Mchangiaji wa 1: Basi omu 24 hivi ni za mchanga wako. Katika kila wati 100 zinazofika kwenye antena, takriban 60 ndizo zinazorushwa hewani, na 40 zinaishia kuipasha ardhi joto. Fimbo ichimbie kwa ajili ya radi, lakini haichukui nafasi ya nyaya, kwa sababu mkondo unaorudi umetawanyika ardhini pande zote za antena na fimbo moja haiwezi kuukusanya.

Mchangiaji wa 2: Naunga mkono, ila tusimpe mwenzetu matumaini makubwa mno: hasara yote hiyo ni desibeli 2 hivi, ambazo humsaidia anayesikika kwa shida lakini hazigeuzi bendi iliyofunga, yaani isiyopitisha mawimbi ya mbali kwa wakati huo. Nunua mita 100 za waya wa kawaida wa nyumba, ukate vipande 20 vya mita 5, kwani nyaya zinazolala ardhini hazihitaji urefu kamili wa robo wimbi, na nyingi fupi hufaa kuliko chache ndefu. Pima omu kila unapoongeza nne; zikishuka huku SWR ikipanda, uko sawa, na zikiacha kushuka, usinunue waya zaidi.

Muulizaji: Je, nikiziinua juu?

Mchangiaji wa 2: Nne zinaweza kutosha, zikiwa mita 2.5 juu na kukatwa robo wimbi kamili. Hata hivyo ncha zake huwa na volti kubwa unaporusha, kwa hiyo penye watoto mimi ningezilaza chini. Kwa chumvi ya huko Tanga, tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, wala shaba isigusane moja kwa moja na alumini.