Mfumuko wa bei "umeshuka", mbona maisha hayajashuka?

raia_mchovu (mwenye uzi)
Wakuu habari za saa hizi, kuna kitu kinanichanganya muda mrefu naomba tujadili bila matusi. Kila taarifa ya habari nasikia mfumuko wa bei umeshuka, uchumi umekua, benki kuu imepunguza riba, yaani ukisikiliza unaona mambo yamenyooka kabisa, alafu ukiingia dukani bei iko kulekule juu, kodi ya nyumba vilevile, nauli ndo ikishapanda imepanda. Kazini tumeongezwa mara moja tu tangu ile hekaheka ya 2022 na sasa bosi anasema nyongeza ni asilimia 3 kwasababu mfumuko ni 3, eti tumefidiwa. Swali langu: hizi takwimu zinapikwa au mimi ndo sijui kuzisoma? Na bei zitarudi lini?

hesabu_za_jioni
Hazirudi mkuu, bora nikwambie mapema. Gari likitoka spidi 100 likaja 30 bado linaenda mbele tu, halijapiga rivasi. Hebu weka namba: kitu kilikuwa 100, mwaka wa kwanza bei zikapanda asilimia 10 kikawa 110, mwaka uliofuata mfumuko "umeshuka" mpaka 3, kitu kimefika 113.3. Waziri akishangilia kutoka 10 hadi 3 hajadanganya, na wewe ukilia na 113.3 hujadanganya. Ili irudi 100 mfumuko inabidi uende chini ya sifuri, na benki kuu hazitaki hata kusikia hilo, za nchi tajiri nyingi zinalenga 2 kwa mwaka. Maana yake lengo lenyewe ni bei ziendelee kupanda, ila taratibu.

mama_wa_wawili
Sasa hapo ndo mnaponiudhi nyie wataalam. Mafuta yakipanda asubuhi jioni kila kitu kimepanda, yakishuka unaambiwa subiri stoku ya zamani iishe, hiyo stoku ya zamani mbona haikutusaidia wakati wa kupanda?? Alafu kuna ule ujanja mwingine, paketi ileile, rangi ileile, bei ileile, ukigeuza nyuma ukasoma kwa maandishi ya sisimizi gramu 500 zimekuwa 450. Huo nao mnaupima?

hesabu_za_jioni
Dada la paketi linapimwa, ofisi za takwimu zinazofanya kazi vizuri zinaangalia bei kwa gramu. 500 kwenda 450 kwa bei ileile ni ongezeko la asilimia 11, ni kubwa kweli na wengi hawalioni. La mafuta uko sahihi wala sibishi, mwaka 1991 mchumi Robert Bacon alionyesha kwa bei za petroli Uingereza kwamba zinapanda haraka kuliko zinavyoshuka, na wengine wengi wamekuja kuona hivyohivyo nchi nyingine. Ushindani ukiwa mdogo ndo inakuwa mbaya zaidi.

msoma_magazeti
Niongeze moja ambalo halisemwi sana. Ule mfumuko wa taifa ni wa kapu la wastani, yaani orodha ya vitu anavyonunua mtu wa wastani, na mtu wa wastani sijawahi kukutana naye 😂 Marekani chakula cha kupikia nyumbani ni kama asilimia 8 tu ya kapu lao, kwenye nchi nyingi maskini chakula ni theluthi moja au zaidi, na hata ndani ya nchi moja mwenye kipato kidogo anakula sehemu kubwa ya pesa yake. Kwahiyo simu na televisheni zikishuka bei wastani unapendeza lakini wewe hununui televisheni kila wiki. Bei za vyakula duniani kwa kipimo cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zilifika kileleni Machi 2022, mwezi mmoja tu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, baadaye zikashuka, ila ile ni bei ya jumla ya vitu kama ngano na mafuta ya kula. Mpaka ifike kwako imeshabeba usafiri, umeme, mishahara, riba ya mkopo wa mfanyabiashara na dola, na hivyo vingi havikushuka.

Alafu tazameni siasa. Uingereza mfumuko ulifika 11.1 Oktoba 2022. Tarehe 22 Mei 2024 ikatoka takwimu ya 2.3 na siku hiyohiyo waziri mkuu Rishi Sunak akatangaza uchaguzi, Julai chama chake kikang'olewa baada ya miaka 14 madarakani. Marekani ilikuwa 9.1 Juni 2022, kufika uchaguzi wa Novemba 2024 iko chini ya 3 na chama tawala kikaanguka. Najua kulikuwa na sababu zingine nyingi, lakini naona watu walipiga kura kwa kuangalia 113, siyo 3.

kijana_mbishi
Basi si bora bei zishuke zote tupumue? Mnaogopa nini

hesabu_za_jioni
Waulize Wajapani. Bei zao zilianza kuteremka miaka ya mwisho ya 90 na mishahara nayo ikadumaa miaka na miaka, kampuni ikiuza kwa bei ndogo inakuongeza kwa hela gani? Na mwenye deni anaumia zaidi kwasababu deni halishuki na bei. Bidhaa moja moja zikishuka sawa, zote kwa pamoja ni balaa. Kinachotakiwa ni mshahara uifukuze bei, na hapo ndo bosi wa mwenye uzi amecheza na namba.

raia_mchovu
Amechezaje?

hesabu_za_jioni
Anahesabu mwaka huu peke yake. Ile mara moja mliongezwa asilimia ngapi? Tuseme 5, mko 105 na bei ziko 113.3. Gawanya, unapata 1.079, yaani mnahitaji karibu asilimia 8 ili mrudi tu mlipokuwa, hiyo 3 inawaacha nyuma. Usitumie namba zangu za mfano, chukua fahirisi ya bei (ile namba inayoonyesha bei zimefika wapi, kama 100 na 113.3 zangu) ya mwezi kabla vurugu hazijaanza, chukua ya mwezi uliopita, ofisi ya takwimu huwa wanaziweka bure.

raia_mchovu
Sawa nazitafuta. Akisema kampuni haina hela?

mama_wa_wawili
Aseme hivyohivyo basi, asiwaambie mmefidiwa.