Tupeane uzoefu: Mtoto anapouliza juu ya baba yake aliyekuwa mwanariadha wa chuo

Mwanzisha mada, Mtwara mjini
Ndugu zangu, jana nilikuwa napanga kabati nikakuta viatu vya kukimbilia vya marehemu mdogo wangu, vile vyenye meno chini, vikiwa bado vimeshika udongo mwekundu. Udongo ule si wa hapa pwani. Ni wa Nachingwea, alikosomea ualimu na kukimbia mita 800 kwa miaka miwili. Alifariki akiwa na umri wa miaka 29, akamwacha mwanawe hajaanza hata kutamka maneno mawili. Sasa mtoto ana miaka mitano, na alipoviona viatu akaniuliza, "Baba mkubwa, baba alikuwa anakimbiaje?" Nilinyamaza. Miaka yote nimemsimulia mtoto huyu juu ya marehemu, dua na kaburi, wala sijawahi kumsimulia kijana aliyekuwa na mwendo wake. Waliopitia hali hii, mliwajibu nini watoto wenu?

Mdau, Masasi
Pole sana, kaka. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, na nimesoma mstari wa mwisho mara tatu.

Mama wa watoto wawili, Lindi
Naandika kwa sababu umetaja viatu. Mume wangu alichezea timu ya mpira wa wavu ya chuo kimoja hapa Kusini, na tulipooana alikuwa na medali nne alizozitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa, na ilipofika arobaini wakubwa wa ukoo wakagawa nguo zake. Sikupinga, kwa kuwa ndiyo desturi na kuna waliokuwa na haki ya kukumbuka kwa kuvaa. Lakini medali nazo zilichukuliwa siku ile, wakapewa watoto wa jirani wachezee, na niliposikia zikigongana uani nilikuwa ndani na sikuweza kutoka kuzidai. Hilo ndilo lililoniuma kuliko siku ya mazishi yenyewe. Niliyobaki nayo ni sauti yake kwenye simu, sekunde ishirini hivi, akiniagiza ninunue nazi mbili na nisisahau dawa ya mtoto. Binti yangu mkubwa huisikiliza kila Ijumaa. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: hifadhi sauti kabla simu haijafa, na viatu hivyo usimpe mtu.

Mzee wa mtaa, Mikindani
Binti yangu, nakupa pole, ila vitu vya marehemu vikibaki ndani huzuia jeraha kufunga. Vitolewe sadaka vyote, mtoto aombewe, yatosha.

Mdau, Masasi
Mzee, kwa heshima zote, sadaka ya shati naielewa. Medali ya chuo utampa nani sadaka? Hiyo ni historia ya mtoto.

Mzee wa mtaa, Mikindani
Historia ya mtoto ni nasaba yake, mwanangu. Chuma hakimlei mtu.

Mwalimu, Newala
Samahani kwa kuingilia, ila mada hii imeniamshia jambo ambalo sijawahi kuliandika. Rafiki yangu tuliyesoma naye ualimu alikuwa winga wa timu ya chuo, kijana mwenye pumzi ambayo sote tuliitamani. Msimu mmoja wa korosho tulifanya bonanza la walimu, yeye akiwa amekuja na mkewe na mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Dakika za mwanzo za kipindi cha pili aliufuata mpira wa kawaida kabisa pembeni, hakuguswa na mtu, akaanguka kifudifudi. Wengine tulidhani anapoteza muda, na mwamuzi akapuliza filimbi kumtaka ainuke. Tulipomgeuza macho yalikuwa wazi. Ndipo ubishi ukaanza: huyu anasema amwagiwe maji, na maji yenyewe sisi wa huku juu tunajua yanavyopatikana, yule anasema avuliwe viatu, mwingine anatafuta gari. Hakuna hata mmoja wetu aliyemgusa kifua. Alifika hospitali akiwa ameshatutoka. Baadaye mkewe alituambia kwamba mara mbili mwaka ule alizimia akiwa mazoezini, akasema ni njaa tu. Mtoto wake sasa yuko darasa la tatu, katika shule ninayofundisha, na kila akikimbia mchakamchaka mimi hugeukia ukutani.

Mdau, Ruangwa
Mungu wangu. Nimeiweka simu chini kwanza.

Mchangiaji, Tandahimba
Kijana mzima, hajaguswa, anaanguka? Kuna mkono wa mtu hapo. Familia ilipaswa kuchunguza.

Muuguzi, Masasi
Naomba tusiende huko, kwa sababu maneno hayo huvunja koo na kumwacha mjane akitazamwa vibaya. Mwaka 2003 mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka vivyo hivyo uwanjani Lyon, Ufaransa, naye akiwa na miaka 28, na uchunguzi ukaonyesha kuwa misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida. Hali hiyo mara nyingi hurithiwa. Mwalimu, sisemi ndiyo iliyompata rafiki yako, lakini kijana anayezimia katikati ya mazoezi hapaswi kuambiwa ni njaa; apimwe moyo, na wanawe pia wapimwe. Na mtu akianguka, hapumui wala haitiki, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache hadi msaada ufike. Maji hayasaidii.

Mchangiaji, Tandahimba
Nimekuelewa, dada. Nafuta kauli, na mwalimu anisamehe.

Mama wa watoto wawili, Lindi
Mwalimu, usigeukie ukutani. Mtoto huyo hana mtu mwingine shuleni aliyemwona baba yake akipiga krosi. Mwite siku moja umwambie.

Mdau, Masasi
Nami niongeze la matanga. Kwetu mtani wa marehemu alivaa jezi yake ya chuo siku ya tatu, akauzunguka uwanja wa nyumba akikimbia kama yeye, hadi mama mzazi akacheka huku machozi yanamtoka. Tafuteni mtani, yeye anao mwendo wa marehemu kichwani.

Mzee wa mtaa, Mikindani
Hapo kwa mtani nakubaliana nawe.

Mdau, Ruangwa
Mwanzisha mada, nimesita tangu asubuhi. Mita 800, Nachingwea, mrefu, mwenye kovu kwenye goti? Kama ndiye, nilikimbia naye kupokezana vijiti, mimi nikimpokea. Alipofika kona ya mwisho aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kana kwamba anasikiliza nani yuko nyuma yake, na kijiti alikukabidhi kwa upole hata kama mnashindwa. Ninayo picha moja, nitakutumia faragha.

Mwanzisha mada, Mtwara mjini
Ndiye. Goti la kulia, alianguka mwembeni tukiwa wadogo. Hilo la kichwa nilikuwa nimelisahau kabisa. Kesho jioni maji yatakuwa yamekupwa, na mchanga wa Shangani huwa mgumu wakati huo. Nitampeleka mtoto nimwonyeshe. Niambie jambo moja zaidi: mikono aliitupa, au aliibana ubavuni?

Mdau, Ruangwa
Wa kushoto aliutupa. Wa kulia aliubana.