Mjadala: Kitongoji kinachojaa vijana kipangiwe huduma kwa hesabu ipi?

Mleta mada

Hoja yangu ni hii. Vitongoji vya pembezoni mwa miji vinajaa kwa kasi, wakazi wake wengi ni vijana, na wametoka kila upande na lugha zao. Katika nchi nyingi sensa hufanyika kila baada ya miaka 10. Chukua kitongoji kilichohesabiwa watu 20,000 kikawa kinakua kwa asilimia 7 kwa mwaka. Kanuni ya haraka ni kugawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji ili upate miaka ya kuongezeka maradufu; 70 kwa 7 ni miaka 10. Mwaka wa 8 kina watu 34,000 na ushee, na mgao wa walimu, dawa na maji bado unasoma 20,000. Nasema makadirio ya kila mwaka yawe msingi wa mgao, sensa ibaki ya kuyasahihisha.

Mtakwimu

Naunga mkono, ila mkuu, hiyo asilimia 7 haidumu. Kitongoji kipya hukua kwa kufuata viwanja. Viwanja vikiisha, kasi inakatika. Ukivuta mstari uleule miaka 20 mbele utapata watu wasio na pa kulala.

Njia ninayoiamini ni kuhesabu nyumba zenye watu na kuzidisha kwa wastani wa watu katika kaya. Nyumba 9,000, moja kati ya kila 10 ikiwa tupu, zinabaki 8,100. Kwa wastani wa 3.6 unapata watu 29,160. Ukikosea kidogo tu ukaweka 4.1, unapata 33,210. Nusu mtu kwa kila kaya imezaa watu 4,050 hewa! Na wastani huo ndio mgumu kuupata, maana mita moja ya umeme inaweza kuhudumia wapangaji sita. Bila sampuli ya kaya mia kadhaa, inayorudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, makadirio ni kubahatisha.

Mpangaji miji

Hapo napinga, tena kwa nguvu. Sensa ina sheria nyuma yake na siku moja kwa nchi nzima. Makadirio yakishika mgao wa fedha, kila eneo litataka namba yake ipande, na anayehesabu nyumba ndiye huyohuyo anayeomba bajeti. Kama lazima yatumike, basi ahesabu mtu wa nje ya eneo, na njia ya hesabu iwekwe wazi kabla ya matokeo, si baada.

Mtakwimu

Hilo la mtu wa nje nalikubali. Lakini sensa nayo ina mapengo, na yanaangukia vitongoji hivi hasa. Wanaorukwa ni watoto wachanga, wapangaji wa vyumba vya uani na wafanyakazi wa zamu za usiku. Karani anafika mchana, mwenye nyumba anajibu kwa niaba ya wapangaji, na chumba cha nyuma hakitajwi.

Mwalimu mkuu mstaafu

Ndugu zangu, mnagombania jumla, na mimi naona jumla si shida kubwa. Shida ni umri. Mnasikia "umri wa kati ni miaka 30", yaani nusu ya watu wako chini ya hapo na nusu juu. Namba hiyo inaweza kuwa ya kitongoji cha wapangaji wasio na watoto, wote kati ya miaka 22 na 38. Inaweza pia kuwa ya kitongoji cha wazazi wa miaka 35 na kuendelea, na watoto wao. Wa kwanza wanahitaji usafiri wa alfajiri, wa pili wanahitaji madarasa. Dai mchoro wa umri wa miaka mitano mitano, usiridhike na namba moja.

Halafu kuna wimbi. Nyumba 2,000 zikikamilika ndani ya miaka miwili, wanaohamia wanakaribiana umri, na watoto wao pia. Miaka 5 ya mwanzo foleni iko kliniki. Kuanzia mwaka wa 6 darasa la kwanza linafurika. Mwaka wa 13 sekondari. Mwaka wa 25 shule ya msingi imebaki nusu tupu. Kwa hiyo jengo la kudumu litosheleze kama nusu ya kilele, mengine yawe madarasa ya kuhamishika, lakini vyoo, maji na nyaya viwekwe tangu mwanzo kwa idadi ya kilele. Yanapoharibika ni pale "ya muda" yanapokaa miaka 15 bila matengenezo na kumeza uwanja wa michezo.

Mpangaji miji

Mwalimu, hilo ni kweli kwa nyumba za kumiliki. Penye wapangaji wengi wimbi halishuki hivyo: familia inatoka, nyingine changa inaingia chumba kilekile. Uliza kwanza wangapi wanamiliki na wangapi wanapanga, ndipo uamue.

Mkunga

Na suala la asili mnalikwepa. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu 1967, Ufaransa haiulizi, Australia inauliza nchi ya kuzaliwa, asili na lugha ya nyumbani. Kwangu lugha ndiyo inayofaa zaidi. Nchi ya kuzaliwa inamficha mtoto aliyezaliwa hapa na anayemtafsiria mama yake maelezo ya dawa, kazi asiyopaswa kuifanya. Fomu iruhusu lugha zaidi ya moja, na iulize kama mtu anahitaji mkalimani.

Mleta mada

Nakubali, mradi mitaa yenye kaya chache za lugha fulani isichapishwe peke yake. Kaya tatu kwenye mtaa mmoja zinatambulika bila hata kutajwa jina. Ziunganishwe na mitaa ya jirani kwanza.

Mkunga

Sawa, lakini zahanati ipewe idadi kamili kwa siri. Mkalimani hapangiwi zamu kwa neno "wengineo".